Kujumlisha na Kutoa Sehemu Zisizo na Asili Moja

Mtoto akiulizwa 1/2 + 1/3 ni ngapi, mara nyingi huandika 2/5 bila kusita, kwa kuwa 1 na 1 ni 2, na 2 na 3 ni 5. Jibu hilo nimelikuta katika madaftari ya watoto wa mtaani kwetu, hapa Goma, mara nyingi mno, hata siku hizi silikati tena kwa kalamu nyekundu. Namwomba tu mwenye daftari achore mstari, augawe, kisha anionyeshe kipi ni kirefu, nusu au 2/5. Akimaliza kuchora hunyamaza, kwa sababu ameona mwenyewe kwamba 2/5 haifiki nusu. Maana yake ni kwamba alikuwa na nusu ya kitu, akaongezewa theluthi, kisha akabaki na kidogo kuliko alichokuwa nacho kabla ya kuongezewa. Muuza samaki wa soko la Kituku hawezi kuikubali hesabu ya namna hiyo hata kidogo, awe amesoma au hakusoma.

Kosa hilo linatokana na kuzichukulia namba mbili za sehemu kana kwamba zina kazi moja. Namba ya juu, inayoitwa kiasi, inahesabu vipande. Namba ya chini, inayoitwa asili, inataja vipande hivyo ni vya aina gani. Wanafunzi wa hapa mjini huzikuta kwa Kifaransa, numérateur na dénominateur, na majina hayo yenyewe yanaeleza kazi: la kwanza ni la mwenye kuhesabu, la pili ni la mwenye kutoa jina. Kiswahili nacho kimezipa asili majina yake, ndiyo maana tunasema theluthi, robo, humusi, sudusi na thumni. Tunaposema "robo tatu" tunasema kama tunavyosema "mayai matatu": tatu ni hesabu, robo ni kitu kinachohesabiwa.

Kwa hiyo kujumlisha nusu moja na theluthi moja ni sawa na kujumlisha dola na faranga, jambo ambalo kila mtu wa Goma hulifanya takriban kila siku. Mwenye dola 5 na faranga 3,000 mfukoni hasemi kwamba ana 3,005, kwani angeulizwa mara moja: 3,005 za nini? Humwendea kwanza mbadilisha fedha aliyeketi kando ya barabara, akageuza dola kuwa faranga, ndipo akajumlisha. Thamani ya fedha zake haikuguswa na mabadiliko hayo, ila jina lake limekuwa moja. Somo zima la sehemu zenye asili tofauti ni hilo, na yote yanayofuata ni namna ya kubadilisha tu.

Kubadilisha jina bila kugusa thamani

Chukua jibini moja ya Masisi, ile ya mviringo, uikate katikati. Kila upande ni 1/2. Ukiupitishia upande mmoja kisu tena, utapata vipande 2, na kila kimoja ni robo ya jibini nzima, kwa hiyo ile 1/2 imekuwa 2/4. Kama badala yake ungeugawa upande huo katika vipande 3 vilivyo sawa, ungekuwa na 3/6, na kama ungeugawa katika vipande 6, ungekuwa na 6/12. Hakuna chembe iliyoongezeka wala iliyoliwa. Vipande vimekuwa vingi mara 6, na kila kimoja kimekuwa kidogo mara 6. Kwa namba tunaandika hivi:

1/2 = (1 × 6)/(2 × 6) = 6/12

Sharti ni kwamba kiasi na asili vyote vizidishwe, na vizidishwe kwa namba ileile. Anayezidisha asili peke yake, akageuza 1/2 kuwa 1/12, ni kama amekata upande wake wa jibini vipande 6, akachukua kimoja na kuvitupa 5. Hili ndilo kosa ninalolikuta kwa wingi baada ya lile la 2/5, na hutokea hasa mwanafunzi anapoharakisha: huipata asili mpya, huiandika vizuri, kisha hunakili viasi vya zamani juu yake bila kuvizidisha.

Kanuni hiyo hufanya kazi pia kwa kurudi nyuma. Ukigawanya kiasi na asili kwa namba moja, thamani hubaki palepale: 14/30, ikigawanywa juu na chini kwa 2, ni 7/15. Kwa njia hiyo ndivyo tunavyorahisisha jibu.

Kuipata asili ya pamoja

Turudi kwenye 1/2 + 1/3. Tunahitaji vipande vya ukubwa ambao utaweza kuigawa nusu bila kubakiza kitu, na kuigawa theluthi bila kubakiza kitu. Wauzaji wa vikwembe, yaani vitenge, wameshatufanyia kazi hiyo, kwani kikwembe kizima huwa na yadi 6. Nusu yake ni yadi 3, theluthi yake ni yadi 2, na mama aliyenunua nusu katika duka moja na theluthi katika duka la pili ana yadi 5 kati ya 6. Yadi hapa ndiyo sudusi ya kikwembe.

1/2 + 1/3 = 3/6 + 2/6 = 5/6

Asili 6 imebaki 6, haikuwa 12, kwa sababu jina halijumlishwi: yadi 3 na yadi 2 ni yadi 5, si "yadi-yadi" 5.

Namba hiyo 6 ni kigawe kidogo cha shirika cha 2 na 3, kwa kifupi KDS, ambacho katika vitabu vya Kifaransa huandikwa PPCM. Ni namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa asili zote mbili bila baki. Njia ya kuipata ninayoipenda kwa asili ndogo ndogo ni kuchukua asili kubwa, kutaja vigawe vyake kimoja kimoja, yaani namba unazopata ukiizidisha kwa 1, kwa 2, kwa 3 na kuendelea, na kusimama kwenye kigawe cha kwanza kinachogawanyika kwa asili ndogo. Kwa 4 na 6, nataja 6, ambayo haigawanyiki kwa 4, kisha 12, ambayo inagawanyika, nami nimemaliza. Watoto wengi hufundishwa kuandika vigawe vya namba zote mbili katika mistari miwili mirefu na kutafuta vinavyofanana, na si kosa, lakini ni kupoteza wino.

Kabla ya kuanza kutaja vigawe, zitazame kwanza asili zenyewe, kwa maana huenda zimekwisha kukupa jibu. Ikiwa moja inaigawanya nyingine, kama katika 3/4 na 5/8, ile kubwa ndiyo asili ya pamoja, na sehemu moja tu ndiyo itakayobadilishwa: 3/4 inakuwa 6/8, na jumla yake na 5/8 ni 11/8, yaani 1 na 3/8. Ikiwa hazina kigawo chochote cha pamoja, yaani namba inayozigawanya zote mbili bila baki, isipokuwa 1, kama 3 na 5, zizidishe moja kwa nyingine, upate 15. Kazi ya kweli ipo pale zinapokuwa na kigawo cha pamoja bila moja kuigawanya nyingine, kama 8 na 12. Tuchukue mfano huo tuufanye polepole.

Tujumlishe 5/8 na 7/12. Kabla ya kushika kalamu, nakadiria: 5/8 imepita nusu kidogo, kwa kuwa nusu ingekuwa 4/8, na 7/12 nayo imepita nusu kidogo, kwa kuwa nusu ingekuwa 6/12. Jibu lazima lipite 1, lakini si kwa mbali. Sasa nataja vigawe vya 12: 12 haigawanyiki kwa 8, 24 inagawanyika. Asili ya pamoja ni 24. Najiuliza 8 inaingia mara ngapi katika 24, napata mara 3, kwa hiyo kiasi 5 nacho nakizidisha kwa 3 na kupata 15. Najiuliza 12 inaingia mara ngapi, napata mara 2, na kiasi 7 kinakuwa 14.

5/8 + 7/12 = 15/24 + 14/24 = 29/24 = 1 na 5/24

Jibu limepita 1 kidogo, kama tulivyotarajia. Baki 5 na asili 24 hazina kigawo cha pamoja, basi hakuna cha kurahisisha.

Yupo atakayesema kwamba angeweza kuzidisha 8 kwa 12 na kutumia 96 bila kutafuta KDS. Ni kweli kabisa, na jibu lake litakuwa sahihi: 60/96 + 56/96 = 116/96, ambayo ukiigawanya juu na chini kwa 4 inarudi kuwa 29/24. Njia hiyo haina kosa, na kwa mwanafunzi anayehangaika na vigawe ni afadhali aitumie kuliko kukaa bila jibu. Gharama yake ni kwamba namba huwa kubwa, na namba kubwa hukaribisha makosa ya kuzidisha, kisha mwishoni hudai kurahisishwa kwa kazi nyingi zaidi kuliko ile uliyoikwepa mwanzoni.

Asili zikiwa kubwa, kutaja vigawe kunachosha, na hapo ndipo namba tasa, yaani zile zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu kama 2, 3 na 5, zinaposaidia. Mfano wangu wa kuonyesha hili huwa ni 48 na 60, na sikuzichagua ovyo. Katika mkoa wetu huu wa Kivu Kaskazini, huko Ishango, mahali ambapo mto Semliki unatoka katika Ziwa Edward, mtafiti wa Kibelgiji Jean de Heinzelin aligundua mwaka 1950 mfupa wenye chale zilizokatwa katika safu tatu. Mfupa huo, ambao hukadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi na ambao leo umehifadhiwa Brussels, una safu mbili zenye jumla ya chale 60 kila moja, na safu ya tatu yenye chale 48. Wataalamu hawakubaliani kuhusu maana ya chale hizo, nami sidai kwamba aliyezikata alikuwa akitafuta KDS, lakini mtoto wa Goma akishajua kuwa namba hizo zimetoka kwao, huzishughulikia kwa bidii zaidi.

Tunazivunja namba zote mbili kuwa namba tasa:

48 = 2 × 2 × 2 × 2 × 3
60 = 2 × 2 × 3 × 5

Kisha tunachukua kila namba tasa kwa mara nyingi zaidi inazoonekana katika mstari mmoja. Namba 2 inaonekana mara 4 katika mstari wa juu, kwa hiyo tunaichukua mara 4. 3 inaonekana mara 1 katika kila mstari, tunaichukua mara 1. 5 ipo mara 1 katika mstari wa chini, nayo tunaichukua. KDS ni 2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 5 = 240, wakati kuzidisha 48 kwa 60 kungetupa 2,880. Ukitakiwa kujumlisha 5/48 na 7/60, basi, utaandika 25/240 + 28/240 = 53/240.

Namba 60 ina sifa nyingine ambayo kila mwenye saa anaitumia bila kufikiri, kwani inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20 na 30. Msichana aliyesubiri zamu ya maji kwa robo saa, akayabeba hadi nyumbani kwa theluthi ya saa, kisha akafua kwa 2/5 za saa, ametumia dakika 15, na 20, na 24. Jumla ni dakika 59, yaani 59/60 za saa. Amejumlisha sehemu tatu zenye asili tofauti bila kuandika mstari mmoja, kwa kuwa dakika ilikuwa tayari ni asili ya pamoja.

Kutoa, na pale inapobidi kuvunja kizima

Kutoa sehemu mbili za kawaida hakuna jipya. Unatafuta asili ya pamoja kwa njia ileile, unabadilisha, unatoa kiasi kwa kiasi na kuiacha asili kama ilivyo. Kwa mfano 7/9 − 5/12 ni 28/36 − 15/36, ambayo ni 13/36.

Ugumu huanza pale panapokuwa na namba nzima mbele ya sehemu, na sehemu inayotolewa ni kubwa kuliko ile inayotolewa kutoka kwayo. Tuseme muuzaji ana jibini 5 na 1/4, na mteja anataka 2 na 2/3. Asili ya pamoja ya 4 na 3 ni 12, kwa hiyo anazo 5 na 3/12, naye anatakiwa kutoa 2 na 8/12. Vipande 3 haviwezi kutoa vipande 8.

Walimu husema hapa "tunakopa", ingawa mkopo huo haulipwi kamwe. Mimi napendelea kusema tunavunja, kama mtu anayevunja noti ya faranga 10,000 ili apate noti ndogo za kumrudishia mteja chenji. Muuzaji wetu anachukua jibini moja nzima kati ya zile 5, anaiweka juu ya ubao, anaikata vipande 12 vilivyo sawa, kisha anavisogeza karibu na vile 3 alivyokuwa navyo. Sasa mbele yake kuna jibini nzima 4 na vipande 15. Hajapata kitu wala hajapoteza, ila sasa anaweza kumhudumia mteja: vipande 15 vikitoka 8 vinabaki 7, na jibini 4 zikitoka 2 zinabaki 2.

5 na 3/12 − 2 na 8/12 = 4 na 15/12 − 2 na 8/12 = 2 na 7/12

Jambo la kuangaliwa ni idadi ya vipande vinavyotokana na kuvunja kizima. Aliyezoea kutoa namba za kawaida huongeza 10, kwa kuwa huko mambo huenda kwa makumi, na hapa huishia na 13/12 badala ya 15/12. Kizima huvunjwa kwa idadi inayotajwa na asili: ikiwa asili ni 12, vipande ni 12, na ikiwa asili ni 7, vipande ni 7.

Kuna pia wale wanaogeuza tu: wakiona 3 haiwezi kutoa 8, wanatoa 3 kutoka 8, wanapata 5, na kuandika jibu 3 na 5/12. Kosa hili nililifanya mimi mwenyewe nikiwa mbele ya ubao, darasa zima likinitazama, na sikuelewa kosa liko wapi hadi mwalimu aliponiambia nijumlishe nilichotoa na nilichobakiza. Nikajumlisha 2 na 8/12 na 3 na 5/12, nikapata 5 na 13/12, yaani 6 na 1/12. Nilikuwa na jibini 5 na robo, sasa nina zaidi ya 6.

Asiyependa kuvunja ana njia nyingine, nayo ni kugeuza kila kitu kuwa sehemu moja kabla ya kutoa. Kwa 5 na 1/4, tunazidisha 5 kwa 4 na kuongeza 1, tunapata 21/4. Kwa 2 na 2/3, tunapata 8/3. Kisha 63/12 − 32/12 = 31/12, na 31 ikigawanywa kwa 12 inatoa 2 na kubakiza 7, yaani 2 na 7/12. Njia hii haihitaji kufikiri sana, na kwa namba ndogo naikubali, lakini mwenye mifuko 48 na 1/6 ya maharage anayetaka kutoa 19 na 3/8 atajikuta akizidisha namba kubwa bila sababu, ilhali kuvunja mfuko mmoja tu kungemtosha.

Kukagua jibu

Kutoa hukaguliwa kwa kujumlisha, kama mwalimu wangu alivyonifanyisha. Kujumlisha hukaguliwa kwa kukadiria: ilinganishe kila sehemu na nusu na kizima kabla ya kuanza, kisha tazama jibu kama limeangukia pale ulipolitarajia. Jumla isiyozidi sehemu kubwa uliyoanza nayo ni kosa, na tofauti iliyozidi ile namba uliyotolea ni kosa vilevile. Baada ya hapo uliza kama kiasi na asili vinagawanyika kwa namba moja. Katika 1/6 + 3/10, kwa mfano, tunapata 5/30 + 9/30 = 14/30, jibu ambalo ni sahihi lakini halijamalizika hadi liwe 7/15.

Mazoezi

Yafanye haya kwa kalamu kabla ya kusoma majibu: 2/3 + 1/5, 7/8 − 5/6, 5/12 + 7/18, 3 na 1/6 − 1 na 3/4, 4 − 1 na 5/9, 1/2 + 1/3 + 1/6.

Majibu yake, kwa mpangilio huohuo, ni 13/15, 1/24, 29/36, 1 na 5/12, 2 na 4/9, na 1. Zoezi la tano huwakwaza wengi kwa kuwa 4 haina sehemu yoyote pembeni, nao hawajui watoe 5/9 kutoka wapi. Vunja kizima kimoja kuwa 9/9, na 4 itakuwa 3 na 9/9. Na yule asiyeamini kwamba la mwisho ni 1 kamili akanyooshe kikwembe chake mezani, akate yadi 3, kisha yadi 2, aone ni yadi ngapi iliyobaki mkononi.